Giligilani njano, mnanaa umenyauka: kutafuta tatizo kwenye viungo vya makopo na ndoo

Naongelea viungo vya majani vile tunavyopanda balkoni, dirishani jikoni au barazani: giligilani (dania kwa ndugu zetu wa Kenya), mnanaa, mrehani, rozimeri, kitunguu majani, paseli, mchaichai. Kwenye ndoo, dumu la mafuta ya kula lililokatwa, kopo la maziwa ya unga, chungu, chochote ulichonacho. Maswali ninayoulizwa na majirani na ndugu ni yale yale miaka yote, na karibu kila mara mtu anapokuja kuuliza ameshaongeza vitu vitatu: jani lilipobadilika rangi akaongeza maji, kesho yake mbolea, keshokutwa dawa, na kila alichoongeza kimezidisha tatizo la mwanzo. Shambani mmea unavumilia hayo maana mizizi ina pa kukimbilia, kwenye kopo la lita tatu haina pa kwenda. Kwa hiyo usiongeze kitu chochote mpaka umeangalia chini, kwenye udongo na mizizi.

Ukaguzi wa kuanzia ni huu, na haugharimu hata shilingi. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, sio kugusa juu juu, kwa sababu juu kunaweza kuwa kukavu kabisa na chini ni tope. Nyanyua kopo usikie uzito wake, ukizoea kulinyanyua kila asubuhi mkono wenyewe utakwambia kama lina maji. Chungulia matundu ya chini kama yapo na kama yako wazi. Afu geuza majani uangalie mgongo wake, maana wadudu wengi na ukungu mwingi unaanzia huko. Ukimaliza hayo ndo usome tatizo lako hapa chini. Kila tatizo nimeanza na sababu inayotokea sana, kwa hiyo usirukie ya mwisho.

Mmea umenyauka, majani yamelala

Kidole kikitoka na unyevu na mmea umenyauka, hiyo ni maji mengi. Watu hawaamini, wanaona jani limelala wanajua ni kiu, wanamwagia tena. Mizizi inahitaji hewa, udongo ukikaa umelowa muda wote hewa inakwisha, mizizi inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji hata ukiwa umezama ndani yake, ndo maana mmea unaonekana una kiu huku umekaa kwenye maji. Cha kwanza mwaga maji ya sahani, zibua matundu, acha kumwagilia, sogeza mmea kwenye kivuli chenye hewa usubiri udongo ukauke. Mara nyingi hiyo inatosha kama umewahi.

Baada ya siku tatu nne hakuna mabadiliko, utoe wote kwenye kopo. Shika shina karibu na udongo, pindua kopo, gonga kitako chake taratibu mpaka donge litoke zima. Mzizi mzima ni mweupe au kahawia ya maziwa, mgumu kidogo, unanukia udongo tu. Uliooza ni wa kahawia iliyokolea au mweusi, unateleza, na ukiuvuta kwa vidole ganda la nje linavuka linabaki kama uzi mwembamba mkononi, harufu yake utaisikia kabla hujausogeza puani. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi, punguza na majani ya juu kama theluthi ili mizizi iliyobaki isizidiwe na kazi, panda kwenye udongo mpya ulio na unyevu kidogo tu. Zaidi ya nusu ya mizizi ikiwa imeoza usihangaike kuuokoa mmea mzima. Mnanaa na mrehani kata vijiti vya juu vilivyo hai, urefu wa kama sentimita 10, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu. Wiki moja hadi mbili utaona mizizi, unaanza upya na mmea ule ule. Rozimeri inachukua muda mrefu zaidi na inataka mchanga wenye unyevu kuliko glasi.

Kidole kikitoka kikavu na kopo ni jepesi, hiyo ni kiu kweli. Ila angalia kitu kimoja: ukimwagilia maji yanapita haraka yanatokea chini sekunde hiyo hiyo? Udongo uliokauka sana, hasa wenye unga wa makumbi ya nazi au mboji nyingi, unasinyaa unaachana na kuta za kopo na unakataa kulowa. Maji yanazunguka pembeni yanatoka, katikati panabaki pakavu, na wewe unajua umemwagilia. Tumbukiza kopo zima kwenye beseni la maji yafike nusu ya kopo, liache nusu saa linyonye kutokea chini, afu litoe lichuruzike. Kumwagilia kwa juu hapo hakusaidii.

Sababu inayofuata kwa sisi tunaokaa ghorofani ni joto la kutengenezwa. Ile mashine ya nje ya AC inapuliza hewa ya moto mchana kutwa, na wengi wanapanga makopo pale pale mbele yake kwa sababu ndo nafasi iliyobaki balkoni. Hamna giligilani itakayokaa hapo. Vile vile kopo jeusi au ndoo ya bati kwenye jua la saa saba, shika ubavu wake, kama mkono haukai basi na mizizi iliyogusana na ukuta huo inaungua. Liweke ndani ya chombo kingine kikubwa cha rangi nyeupe, au yapange makopo yagusane yatiane kivuli, makubwa yakae upande wa jua na madogo nyuma yake.

Mwisho ni mizizi kujaa kopo. Mmea unanyauka kila siku mchana hata ukimwagilia asubuhi, na ukiutoa unakuta mizizi tupu imejizungusha, udongo hauonekani. Mnanaa ndo wenye tabia hiyo, unatambaa chini kwa chini mpaka unajaza chombo. Ugawe kwa kisu vipande vitatu au vinne, kila kimoja kopo lake. Na usiuchanganye mnanaa na kiungo kingine kwenye ndoo moja, utakimeza.

Majani yanakuwa njano

Hapa cha kuangalia ni jani gani limeanza, la chini au la juu. Hilo peke yake linakupa nusu ya jibu.

Ya chini yakianza huku udongo umelowa, rudi juu kwenye maji mengi, ni ugonjwa ule ule haujafika mbali. Ya chini yakianza na udongo uko sawa, mmea hauongezeki, majani mapya ni madogo na rangi imepauka yote, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mmea unanyang'anya majani mazee chakula unawapa machanga. Kopo dogo linamaliza chakula haraka, na kila unapomwagilia kingine kinatoka na maji chini, kwa hiyo mmea wa miezi mitatu kwenye udongo ule ule kuwa njano ni kawaida. Weka mboji au samadi iliyooza vizuri, safu ya sentimita moja juu, umwagilie. Ukitaka ya haraka, mbolea ya dukani ya NPK, ile ya 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kwenye lita tano za maji, mwagilia udongo ukiwa na unyevu tayari, mara moja kila wiki mbili tatu. Usimwage chengachenga za urea kwenye kopo kwa mkono, kiasi kinachoonekana kidogo shambani kinaunguza mizizi yote ya kopo.

Kuna na hii ya udongo kuchanganywa na maranda mabichi ya mbao ili uwe mwepesi. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinakula naitrojeni hiyo hiyo, mmea unabaki njano hata ukiweka mbolea. Hapo dawa ni kubadilisha udongo. Mchanganyiko ambao haujawahi kuniangusha ni sehemu mbili udongo wa bustani, moja samadi ya ng'ombe iliyooza, moja mchanga wa mto au pumba za mpunga zilizochomwa. Kwa rozimeri ongeza mchanga uwe theluthi ya vyote. Mchanga wa baharini hapana kabisa, una chumvi. Na udongo usichote karibu na gereji wala jalalani, hivi ni vitu vya kula vibichi.

Ya juu, machanga, yakiwa njano lakini mishipa imebaki kijani, hapo mmea unakosa chuma, na mara nyingi sio kwamba chuma hakipo kwenye udongo, ila mizizi imeshindwa kukichukua kwa sababu ya maji kutuama au maji magumu ya kisima. Shughulikia maji kwanza.

Sababu ya mwisho ni samadi mbichi, hasa ya kuku. Kama mmea ulikuwa mzima na baada ya kuweka samadi ndani ya siku chache ukageuka njano na kuungua kingo, usitafute mchawi. Kwangua yote uliyoweka, mwagilia maji mengi yapite, na iliyobaki ifunike irundikwe miezi mitatu hivi kabla ya kuitumia tena.

Ncha za majani zinakauka kahawia na udongo una unga mweupe juu

Hili ni tatizo la pwani, na watu wa Dar wengi wanalo bila kujua jina lake. Visima vingi vya mjini kule maji yake yana chumvi, mengine unaisikia kwenye ulimi, mengine huisikii lakini ipo. Unamwagilia leo, maji yanakauka, chumvi inabaki. Kesho tena. Baada ya wiki kadhaa udongo una gamba jeupe juu, chungu cha udongo kimetoka ukoga mweupe pembeni, na majani yanaanza kuungua kutokea nchani kuingia ndani, kwanza ya giligilani na paseli, mchaichai unachelewa.

Hakikisha kwanza sio mbolea, maana mbolea ya dukani nayo ni chumvi na ikizidi dalili ni hizo hizo. Kama umekuwa ukiweka mbolea kila wiki, acha. Kama hujaweka, ni maji. Na kama ulipanda kwenye makumbi ya nazi uliyochukua mwenyewe bila kuyaloweka na kuyasuuza, chumvi nyingine imetoka humo.

Tiba: kwangua gamba jeupe utupe, afu suuza udongo. Yaani chukua maji baridi yasiyo na chumvi, ya mvua ndo bora kuliko yote, na kwa kopo la lita tatu mimina taratibu lita sita mpaka tisa mpaka yote yapite yatoke chini, uyamwage, yasirudi kwenye sahani. Masika ikifika toa makopo yote nje yanyeshewe, mvua moja kubwa inafanya kazi hiyo bure. Kama nyumba haina maji mengine zaidi ya kisima, kinga mvua kwenye ndoo yenye mfuniko uweke akiba kwa ajili ya miche, na kwa mimea mikubwa mwagilia maji ya kutosha kila mara mpaka yatokee chini, usimwagilie vijiko vijiko, maana kidogo kidogo ndo kunakusanya chumvi. Maji yaliyosafishiwa samaki au ya kuoshea vyombo yenye sabuni na mafuta usiyapeleke huko, maji ya kuoshea mchele hayana shida.

Giligilani: haioti, inaota inaanguka, au inatoa maua kabla hujaichuma

Hii nimeipa sehemu yake kwa sababu ndo inayopandwa na wengi na ndo inayokatisha watu tamaa.

Haioti. Angalia siku kwanza. Inachukua wiki moja mpaka mbili, hata tatu, usifukue siku ya tano. Kile unachokiita mbegu ni ganda lenye mbegu mbili ndani, kwa hiyo libonyeze kwa chupa lipasuke vipande viwili bila kusagika, loweka usiku kucha, panda kina cha sentimita moja. Baada ya wiki tatu hamna kitu, mbegu ilikuwa ya zamani. Giligilani ya dukani ya kupikia inaota vizuri tu kama sio kuukuu, jaribu kumi kwenye tishu yenye unyevu ndani ya mfuko, zikiota chini ya tano nunua kwingine.

Inaota halafu mche unakatika shingoni na kulala, leo miwili, kesho kundi zima. Shina pale linapogusa udongo limekuwa jembamba, la maji. Ni ukungu wa udongo unaopenda mahali pabichi, pasipo hewa, miche imebanana. Iliyoanguka haifufuki. Ing'oe na udongo unaoizunguka, iliyobaki ipate hewa na jua la asubuhi, na usimwagilie mpaka juu pawe pamekauka. Msimu unaofuata mwaga mbegu chache, tumia udongo usiokuwa na samadi mbichi, na kama udongo ni ule ule wa zamani umwagie maji yanayochemka uache upoe na kukauka kabla ya kupanda.

Inarefuka ghafla, majani yanakuwa membamba kama nyuzi, afu maua meupe. Sababu ya kwanza ni joto, ya pili kiu, ya tatu kuhamishwa. Giligilani ni mmea wa baridi. Ukiupanda Dar mwezi wa kwanza unautesa tu, utakimbilia kutoa mbegu kabla haujanenepa. Pwani panda kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, kipindi cha kipupwe. Lushoto, Arusha, Mbeya, Nairobi mnaweza karibu mwaka mzima. Usiuhamishe, mzizi wake mkuu unashuka moja kwa moja na ukiguswa mmea unashtuka, panda pale pale utakapokulia, kopo liwe na kina cha sentimita 20 hivi. Ukishaona shina la maua limepanda, kulikata hakurudishi majani, na ladha imeshakuwa chungu. Liache likupe mbegu, na uzoee kumwaga mbegu nyingine kila wiki mbili tatu, hiyo ndo njia pekee ya kuwa na giligilani muda wote.

Kwa mrehani mambo ni tofauti, maua ukiyawahi mmea unarudi. Kata juu ya jozi ya majani, sio kuchuma jani moja moja la chini, utachipua matawi mawili pale ulipokata.

Mmea ni mrefu, mwembamba, umeinama upande mmoja

Mwanga hautoshi, hakuna mjadala hapo. Viungo vingi vinataka masaa sita ya jua kwa siku, mnanaa na paseli zinavumilia hata masaa matatu manne. Dirisha lenye nondo, pazia na paa la balkoni juu yake linaonekana lina mwanga kwa macho yetu lakini kwa mmea ni giza.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba jua linahama. Dar, kuanzia kama Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, miezi iliyobaki liko kusini. Balkoni inayotazama kusini inaweza kuwa na jua zuri mwezi wa kumi na mbili na mwezi wa sita isipate hata dakika moja. Kwa hiyo mmea uliokuwa unastawi ukianza kurefuka Juni bila sababu, hama nao upande mwingine wa nyumba kabla ya kulaumu udongo. Ukiupeleka kwenye jua uupeleke kidogo kidogo, wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, la sivyo majani yaliyozoea kivuli yatababuka meupe.

Wadudu

Sisimizi wanapanda na kushuka shina: fuata njia yao mpaka juu, utakuta vidukari wamejaza ncha changa, wa kijani au weusi, na majani yananata. Sisimizi wanalamba ule utamu na wanawalinda. Hatua ya kwanza ni maji tu, peleka kopo kwenye sinki, pindua mmea, zuia udongo kwa kiganja na uwasuuze kwa bomba. Rudia kila siku tatu. Wakirudi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko cha chai kwenye lita moja ya maji, jaribu jani moja kwanza usubiri mpaka kesho, afu puliza jioni mgongo wa majani, suuza asubuhi. Sabuni ya unga ya kufulia inaunguza, usiitumie. Mafuta ya mwarobaini kijiko cha chai kwenye lita ya maji yenye matone ya sabuni yanasaidia pia, ila majani utayaosha sana kabla ya kula maana yanaacha uchungu.

Vitone vidogo vyeupe juu ya jani na utando mwembamba katikati ya matawi ni utitiri. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe, vumbi likianza kutembea umepata jibu. Wanapenda ukavu na vumbi, kwa hiyo kuosha majani mara kwa mara ndo dawa yao. Nzi weupe wanaoruka ukigusa mmea, sabuni ile ile, alfajiri wakiwa wazito.

Vijinzi vyeusi vidogo vinavyoruka kutoka kwenye udongo havili majani, watoto wao ndo wako chini wanakula mizizi midogo. Ni dalili ya udongo mbichi muda wote. Acha sentimita mbili tatu za juu zikauke kabisa kila kabla ya kumwagilia, watakufa wenyewe.

Matundu makubwa na vinyesi vyeusi kwenye majani ni viwavi, utando unaong'aa ni konokono. Washa tochi usiku uwaokote. Kwa makopo matano hakuna njia bora zaidi ya vidole.

SIMAMA HAPA: usipulize kwenye viungo vya kula dawa iliyokuwa ya pamba, kahawa au nyanya, na usinunue dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda au maji isiyo na lebo. Giligilani inaenda kwenye kachumbari mbichi, mnanaa unaenda kwenye chai. Dawa yoyote lazima lebo iseme imesajiliwa (kwa Tanzania na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA), ni ya zao gani, na usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna, kama zao lako halijaandikwa basi sio yako. Mtu akiwa ameimeza au ameivuta akaanza kutapika, kutokwa jasho au kupumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kopo la dawa, na usimlazimishe kutapika.

Unga mweupe, kutu, vumbi la kijivu

Unga mweupe juu ya majani ya rozimeri au mnanaa unatokana na kubanana, hewa haipiti. Tenganisha makopo, punguza matawi ya ndani, mwagilia udongo sio majani.

Vidonda vya rangi ya chungwa mgongoni mwa jani la mnanaa ni kutu. Kata mmea wote mpaka usawa wa udongo, toa na majani yaliyoanguka, tupa mbali na sio kwenye mboji. Unachipua safi mara nyingi. Ikirudi mara ya pili, tupa mmea na udongo wake, osha kopo.

Mrehani ukipata njano iliyokatwa na mishipa na chini yake vumbi la kijivu linaloelekea zambarau, usisubiri. Ugonjwa huo unasafiri kwa hewa. Funga mmea kwenye mfuko, utupe, na uache kupanda mrehani pale kwa muda.

Umestawi lakini hauna harufu

Mbolea nyingi na jua kidogo. Punguza ya kwanza, ongeza la pili, chuma asubuhi kabla jua halijawa kali.

Sio ugonjwa wa mmea lakini usiupuuze

Sahani ya chini yenye maji ni nyumba ya mbu. Wale wa dengi wanazaliana kwenye maji machache ya namna hiyo, na Dar imepata milipuko ya dengi 2014 na 2019. Yai mpaka mbu mzima ni kama wiki hadi siku kumi, kwa hiyo mwaga sahani kila baada ya siku mbili tatu, au iondoe uweke kopo juu ya vipande viwili vya vigae.

Samadi inakuja na mbegu za magugu. Kitu kimeota kwenye kopo na hukukipanda, usikionje wala usikichume pamoja na viungo. Mnanaha (sio mnanaa wa chai), ule wenye matunda ya miiba, ni sumu kali na unapenda kuota kwenye udongo wenye samadi. Ng'oa ukiwa mdogo, nawa mikono.

Chombo kilichokuwa na rangi ya mafuta, dawa ya shamba au oili ya gari hakifai hata ukikiosha mara kumi.

Wakati wa kumwita mtu mwingine

Udongo uliolowa ni mzito, ndoo ya lita 20 ikijaa inaweza kufika kilo 30 na zaidi. Ukiona ufa mpya kwenye balkoni, kigae kimeinuka, au jirani wa chini anasema dari lake linavuja, shusha ndoo zote siku hiyo hiyo na mwite mwenye nyumba na fundi wa ujenzi aangalie. Usizibe ufa kwa saruji mwenyewe ukaendelea kupanda.

Mimea ya aina tofauti ikifa mmoja baada ya mwingine, kwenye makopo tofauti, na umeshabadilisha maji na udongo, peleka sampuli badala ya kununua dawa ya tatu. Ng'oa mmoja unaougua lakini haujafa, na mizizi yake na kiganja cha udongo, weka kwenye mfuko wa karatasi, upeleke kwa afisa ugani wa kata yako. Ofisi yake iko na huduma ni ya watu wote, hata mwenye makopo matatu, na akishindwa atakuelekeza maabara, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro wanapima udongo, Kenya kuna KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea) na KALRO (watafiti wa kilimo na mifugo). Andika pembeni unamwagilia maji gani, kiasi gani, umeweka mbolea na dawa gani na lini, kwa sababu hayo ndo atakayoyauliza kabla hajaangalia jani.